Nani Aliyeukata Mguu?

Kuna neno linalozunguka vijijini mwetu, toka Bunyakiri mpaka Hombo: «Ukivunjika mguu usiende hospitali, huko watakukata.» Tumelisikia sokoni, tumelisikia mlangoni pa kanisa, hata vinywani mwa watu waliosoma. Sisi twasema ni uongo, tena uongo uuao.

Tuufuate mguu huo tangu mwanzo. Kijana ameanguka toka juu ya mchikichi, au pikipiki imeteleza matopeni. Watu wamkimbilia. Mmoja ashika unyayo, avuta kwa nguvu ili mfupa «urudi». Mwingine akanda kwa mawese. Kisha aitwa fundi wa mifupa, naye afunga vijiti vya mianzi, akaza kamba hata yazama katika ngozi. Usiku kijana alia. Wamwambia: vumilia, ni mfupa unaunga. Kesho yake vidole ni baridi. Siku ya tatu havisikii kitu, vimekuwa vyeusi. Ndipo hospitali yakumbukwa!

Nyama iliyonyimwa damu yaanza kufa baada ya muda wa saa 6 hivi. Mganga aletewaye mguu wa siku tano hana tena mguu wa kuponya, ana mtu wa kuokoa. Msumeno wake wamaliza tu kazi iliyoanzwa na kamba.

Mafundi wa mifupa hatuwadharau. Mfupa uliovunjika bila kidonda wala kupinda, wengi wao wameuunga vema. Hata Hugh Owen Thomas, mganga mashuhuri aliyezaliwa Wales mwaka 1834, alikuwa mtoto wa fundi wa namna hiyo. Alibuni gango la chuma. Katika vita vya 1914–1918, jeshi la Waingereza lilipoteza karibu watu 80 kwa 100 waliovunjika paja kwa jeraha wazi. Gango hilo lilipofungwa kule kule vitani, kabla ya kuwabeba, waliokufa walipungua hata chini ya 20. Mfupa ulitulizwa kabla ya safari, basi.

Kwa hiyo tuache kuvuta. Mguu ufungwe kama ulivyokutwa, kwa mbao mbili zilizoviringishwa nguo, zipite kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Vidole viachwe wazi; vikiwa baridi au vikifa ganzi, legezeni mara moja. Damu ikitoka, gandamizeni kwa kitambaa safi. Mfupa uliotokeza usisukumwe ndani. Kiungo kilichoteguka nacho si kazi ya vijana watatu wenye nguvu. Na kumpakia mtu aliyevunjika paja juu ya pikipiki, katikati ya wawili, mguu ukining'inia, huko ni kumwua njiani. Wazee wetu walibeba kipoyi. Sisi twaona haya gani?

Tutajibiwa: «Hospitali ni fedha, na asiyelipa huzuiliwa humo.» Hatulifichi. Kumfanya mgonjwa mfungwa wa deni ni aibu, na wakubwa wa afya waambiwe usoni. Bukavu nako ni mbali, karibu kilomita 80, kupitia mwitu wa Kahuzi-Biega. Lakini mbuzi wa fundi hupatikana siku ile ile, na michango ya arusi haikosi. Shirika lenye watu arobaini lashindwaje kuweka mfuko mdogo, na kipoyi kimoja chini ya paa?

Basi mkutanapo Jumapili ijayo, ulizaneni: mbao ziko kwa nani, na wabebaji wanne ni akina nani?