Makato Si Uchawi

Wenyeji wa Ufipa hueleza kwamba jina Sumbawanga ni wito: tupa uchawi. Niliukumbuka wito huo mwishoni mwa mwezi, katika foleni ya mashine ya kutolea fedha mjini hapa, mwalimu mmoja aliponung'unika kuwa mshahara wake umeliwa kimazingaombwe. Hakuna mazingaombwe, ndugu msomaji. Kuna mpangilio, na mpangilio huo umewekwa na watu.

Tuchukue mfano. Akaunti ina shilingi 100,000, na benki humruhusu mteja kuvuka salio lake kwa kutozwa ada kila mara. Siku moja anatumia 10,000, kisha 15,000, kisha 20,000, na mwisho 90,000. Benki ikiiingiza miamala hiyo kwa jinsi ilivyofuatana, ni wa mwisho tu utakaovuka salio: ada moja. Ikiipanga kuanzia mkubwa kwenda mdogo, zitabaki 10,000 baada ya wa kwanza, na miamala mitatu midogo yote itavuka salio: ada tatu. Matumizi ni yale yale. Kilichobadilika ni foleni.

Hii si nadharia tupu. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho huko California, Marekani, iliiamuru benki ya Wells Fargo iwarudishie wateja takriban dola milioni 203 kwa sababu ya mtindo huo wa kutanguliza muamala mkubwa.

Kwetu, wengi hukutana na jambo hili kwenye simu. Songesha ya M-Pesa hukamilisha muamala ambao salio lake halitoshi. Kenya wanayo Fuliza tangu Januari 2019. Katika huduma hizi fedha inayoingia hulipa deni kwanza. Mkulima wa Laela aliyetumiwa fedha ya mbolea hununua mbolea kwa kile kilichosazwa. Mtumishi wa umma naye, rejesho la mkopo humtangulia kwenye mshahara wake.

Basi tujifunze foleni hiyo. Malipo ya kadi yaliyoidhinishwa huweza kuchelewa kuingizwa katika hesabu, kwa hiyo salio unaloliona huenda tayari lina mwenyewe. Ijue tarehe ya kila rejesho, na uache akiba ya kulitosha. Deni la simu lilipe mapema, maana ada inayohesabiwa kwa siku hailali. Usiyoyahitaji, omba yafungwe.

Lakini si haki kumwachia mteja mzigo wote. Benki Kuu ilitoa mwaka 2019 kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, na ndani yake mna wajibu wa kuweka gharama wazi na haki ya kulalamika. Tuitumie haki hiyo. Tudai kila mkataba ueleze, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mkulima, muamala upi hutangulia na kwa nini. Kinachofichwa ndicho hugeuka uchawi; kikielezwa, hubaki kuwa hesabu, na hesabu inaweza kuhojiwa.