Nani Anakula kwa Kisa Chetu?

Wanafunzi wa Kiingereza hapa Kakuma wanalijua neno "eat out", yaani kula hotelini. Sawa. Mwenye hela mara moja moja anaenda kwa Wahabeshi kula injera, hiyo tumeielewa. Lakini neno hilo lina ndugu yake ambaye darasani tunampita tu: "dine out on". Mimi nasema huyu ndiye tungefundishwa kwanza, kwa sababu tunaishi ndani yake.

Maana yake ni hii. Mtu amepatwa na jambo kubwa, tuseme meli imezama akapona. Akirudi anasimulia, watu wanapenda, wanamwalika mezani. Mwakani anaalikwa tena kwa kisa kilekile. Mwingereza atasema: "He dined out on that story for years." Yaani kisa ndicho kilicholipia chakula, miaka na miaka. Hapo hakuna ubaya. Kisa ni chake, na aliyekaribia kufa ni yeye.

Ubaya unaanza pale anayekula si yule aliyezama. Mgeni anakuja siku mbili, anamuuliza mama wa watu: ulivuka mpaka namna gani, mtoto alifia wapi? Mama analia, simu inaendelea kurekodi. Mgeni anapanda ndege. Huko kisa kinakuwa hotuba, kinakuwa picha ukutani, na mgeni anapata jina. Mama hajui hata kimefika mji gani. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hili tumelichuma sisi, wanaolila ni wengine.

Na tusiwasingizie wageni peke yao. Wako wenzetu wa bloki ambao kila mara wanawapeleka wageni kwa mjane yuleyule, ati kwa sababu "anaongea vizuri". Hao nao wako mezani.

Nitaambiwa: bila visa wafadhili hawatoi. Jamani, kambi hii iko hapa tangu 1992. Kama visa vingejaza sufuria, nani angekuwa bado anahesabu siku za mgao?

Ndugu zetu wa mashirika, sisemi msiulize. Nasema hivi: mkija na daftari, semeni kwanza kisa kinaenda wapi, na mseme kwa lugha anayoielewa mama, si kwa karatasi ya Kiingereza ya kupiga dole gumba. Mwambieni wazi kwamba akikataa, chakula chake hakiguswi, maana wapo wanaosema ndiyo kwa kuogopa hilo tu. Kikishaandikwa, kirudi asomewe. Akisema hapa toa, toeni. Kama kuna malipo, na yeye awemo.

Na sisi tujifunze jibu fupi: hapana, leo sisimulii. Kisa ni chako, mama. Kama kuna mtu wa kukaribishwa mezani kwa ajili yake, awe wewe na watoto wako.