Wingu Si Mvua

Uko uongo mmoja ambao husemwa kwa sauti ya elimu, na kwa sababu hiyo hupokewa kwa heshima ambayo hauistahili. Uongo huo ni kwamba dunia ya pili imekwisha kuonekana mbinguni. Mara kwa mara magazeti hutangaza kuwa wataalamu wamepata sayari yenye maji na yenye kukalika, tena huchapa kando ya habari hiyo picha ya bahari za samawati na mawingu meupe. Msomaji hustaajabu, humwonyesha jirani yake, na neno huenea. Walakini hapana mtu hata mmoja aliyeiona bahari hiyo. Picha ile ilichorwa na msanii. Nakusudia kuonyesha kuwa jambo hili si dogo, na kuwa kijana asomaye hana budi kulipinga.

Haki na itendeke kwanza kwa wataalamu wenyewe. Katika mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari ya kwanza iliyojulikana kuzunguka nyota iliyo mfano wa jua letu, na mwaka 2019 walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kufikia mwaka 2025 sayari za namna hii zilizothibitishwa zilikuwa zimepita 6,000. Nyingi katika hizo hazikuonekana zenyewe, bali zilitambuliwa kwa sababu nuru ya nyota hufifia kidogo sayari ipitapo mbele yake. Kama mtu angelitazama jua letu kutoka mbali, dunia yetu ikipita ingelipunguza nuru yake kwa chini ya sehemu moja katika 10,000. Tena, sayari ipitapo hivyo, nuru kidogo hupenya ukingoni mwa hewa yake, na kila namna ya hewa humeza rangi zake maalumu. Kwa kupima rangi zilizopungua, mtaalamu hukisia hewa ile ina nini ndani yake. Ni kazi ya kustahili sifa. Lakini mtu aliye nje ya jiko huweza kutambua kwa harufu kinachopikwa ndani, na hata hivyo harufu si chakula.

Sasa na tulitazame neno lenyewe, neno “kukalika”. Wataalamu wakisema kuwa sayari imo katika ukanda wa kukalika, maana yao ni moja tu: umbali wake na nyota yake ni wa kadiri, hata maji, kama yapo, na kama hewa yake inafaa, yaweza kukaa bila kuganda na bila kuchemka yote. Hawasemi kuwa maji yapo. Magazeti huyafuta yale maneno “kama yapo”, na hapo ndipo uongo huzaliwa.

Ushahidi dhidi ya uongo huo tunao juu ya vichwa vyetu kila usiku. Mwezi uko mbali na jua kwa umbali uleule wa dunia, basi umo katika ukanda wa kukalika kama sisi tulivyomo. Nao hauna mto, hauna hewa ya kupumua, wala hauna jani moja. Kinyume chake, Enceladus, mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, uko mbali sana na ukanda huo, katika baridi kali; lakini chombo kiitwacho Cassini, kuanzia mwaka 2005, kiliona maji yakiruka kutoka katika nyufa za barafu yake. Basi aliyemo katika ukanda huweza kuwa mkavu, na aliye nje huweza kuwa na maji. Mwenye kujenga bahari nzima juu ya neno “ukanda” hujenga juu ya mchanga.

Natoa mfano mmoja, ili nisiambiwe kuwa nasema ovyo. Iko sayari iitwayo K2-18b, iliyogunduliwa mwaka 2015. Umbali wake na sisi ni miaka ya nuru 124 hivi. Mwaka wake ni siku 33. Uzito wake unakaribia mara tisa ya uzito wa dunia. Katika mwaka 2019 ilitangazwa kuwa mvuke wa maji umepatikana katika hewa yake, na magazeti ya dunia nzima yakaishangilia. Kisha darubini kubwa zaidi, ile ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, iliitazama sayari ileile. Katika mwaka 2023 wataalamu walieleza walichokipata: methani na kaboni dioksidi. Mvuke wa maji haukuonekana wazi, na alama iliyodhaniwa kuwa ya maji yaelekea ilikuwa ya methani.

Je, magazeti yalijifunza? Hayakujifunza. Katika mwezi wa Aprili 2025 wataalamu wa Cambridge walisema wameona dalili za dimethili salfaidi, kitu ambacho hapa duniani hutokana hasa na viumbe vidogo vya baharini. Wao wenyewe walikiri kuwa dalili hizo hazijafika kipimo kinachotakiwa ili jambo liitwe ugunduzi. Lakini kelele zilianza tena, na safari hii neno halikuwa maji tu, bali uhai. Katika mwaka uleule wataalamu wengine walizipima upya hesabu zilezile wakaona hazitoshi kuthibitisha neno hilo. Tena kitu hicho kilikwisha kupatikana katika nyota yenye mkia, mahali ambapo hapana bahari wala kiumbe. Hata leo haijajulikana kama K2-18b ina bahari, au kama ni rundo la hewa nzito lisilo na mahali pa kukanyaga.

Atatokea mtu aseme, “Mwalimu, waache watu wafurahi, furaha hii humdhuru nani?” Namjibu kuwa humdhuru kila mmoja wetu, kwa njia mbili. Kwanza, huua imani ya watu katika elimu. Aliyeambiwa leo kuwa maji yameonekana, na kesho kuwa hayakuonekana, hatamlaumu mwandishi wa gazeti. Atasema kuwa wataalamu ni waongo. Siku atakapoambiwa na daktari jambo la kuokoa maisha ya mtoto wake, atacheka vilevile.

Pili, hutufanya tuidharau nyumba yetu. Nimesikia vijana wakisema kuwa dunia hii ikiharibika tutahamia nyingine. Na wapige hesabu! Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, huenda kwa mwendo wa kilomita 17 hivi kwa sekunde moja. Kwa mwendo huo safari ya kufika nyota iliyo jirani kabisa na jua, Proxima Centauri, ingechukua zaidi ya miaka 70,000; na safari ya K2-18b zaidi ya miaka milioni mbili. Hiyo si hijra, ni ndoto. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Na msala huu haupiti hata karibu yetu.

Kuna na wengine, walio upande wa pili, wasemao kuwa utafutaji huu wote na ukomeshwe, maana ni upuuzi kutafuta maji katika nyota ilhali kina mama hapa kwetu hutembea mwendo mrefu na mitungi yao. Nao pia nawapinga. Mtungi hautajaa kwa kufumba macho yatazamayo nyota. Wala elimu hii si ya wageni peke yao: setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miali ya eksirei ya mbinguni ilirushwa kutoka pwani yetu, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru. Ninachokidai si kuacha kutafuta, bali kuacha kujisifu kwa ambacho hakijapatikana.

Basi, mwanafunzi, utakapoisoma tena habari ya dunia mpya, uliza maswali haya kabla ya kuieneza. Ni nini kilichopimwa hasa? Je, wengine wamekipima wakapata jambo lilelile? Yako maelezo mengine yasiyohitaji bahari wala uhai? Kama majibu hayapo, ngoja. Dalili ya mvua ni mawingu, nasi sote twalijua neno hilo. Lakini mkulima mwenye busara, aonapo wingu, hutayarisha jembe lake, wala hatangazi mavuno. Atakayeyaona maji ya kweli katika dunia ya mbali atakuwa ameongeza jambo kubwa sana katika elimu ya wanadamu, na huenda akatoka miongoni mwenu. Tusimharibie siku yake kwa kuitangaza mara kumi kabla haijafika.