Uloto Uelezwe kwa Kiswahili, Tusingoje Maabara

Wanasayansi sasa wanajaribu kukuza seli shina za damu ndani ya jeli laini badala ya sahani bapa za maabara. Katika mfupa, seli hizi hukaa ndani ya uloto, zimezungukwa pande zote na seli nyingine na nyuzi za protini. Zikilazwa kwenye sahani, hugeuka upesi kuwa seli za kawaida za damu na kupoteza uwezo wa kujizalisha upya. Jeli huzipa makazi yanayofanana zaidi na uloto.

Jambo hili linatuhusu sana Waafrika. Mgonjwa wa selimundu anayehitaji kupandikizwa uloto hutafutiwa kwanza ndugu wa baba na mama mmoja, na kila ndugu ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kulingana naye. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza huduma hiyo kwa watoto mwaka 2023. Asiyepata ndugu hutegemea wachangiaji waliojisajili. Afrika Kusini ina sajili yake tangu 1991, lakini watu weusi waliomo ni wachache. Damu ya kitovu haidai ulinganifu kamili, ila mara nyingi haimtoshi mtu mzima. Seli zake zikiweza kukuzwa kwenye jeli, wengi watapona.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema tungoje maabara. Njia hiyo bado inajaribiwa, na wagonjwa wapo leo. Tena, kikwazo kimoja kiko mikononi mwetu, nacho ni lugha. Mtu akichanganya uloto na uti wa mgongo, ataogopa kupooza na hatajisajili. Kumbe uloto huvutwa kwenye mfupa wa nyonga, na wachangiaji wengi siku hizi hutoa seli kupitia mshipa wa mkono: mashine huchuja seli shina na kuirudisha damu iliyobaki mwilini.

Napendekeza chama chetu kiandike kijikaratasi cha ukurasa mmoja kwa ajili ya Wakongo, Watanzania na Wakenya wanaoishi hapa Johannesburg. Wenzetu wa sayansi watoe maelezo, walimu wasahihishe istilahi, nasi tukigawe Yeoville na Hillbrow. Kiswahili tunachokisomea darasani kitakuwa kimemfaa mgonjwa.