Mstari mmoja, cherehani kwaheri!

Wiki hii naingia kinyonge kidogo. Wale wanaopenda nichekeshe tu, mnivumilie. Vichekesho vipo, lakini vimechanganyika na machungu.

Ninaye dada yangu, mtoto wa mama mdogo, fundi cherehani pale Manzese. Mwaka mzima alikuwa anadunduliza, leo buku mbili, kesho buku tano, mpaka akafikisha laki nne na nusu. Shabaha yake ilikuwa mashine ya ovaloki, aache kupeleka nguo za wateja kwa jirani na kulipia kila kipande.

Basi bwana, akaja mhubiri mmoja na mkutano wake wa uwanjani. Siku ya tatu akafungua Luka 6:38, pale Yesu anaposema toeni nanyi mtapewa. Jamaa akasimama hapohapo, akapiga hesabu. Aliyepanda elfu kumi atavuna laki. Aliyepanda laki, amalizie mwenyewe! Spika zinanguruma, watu wanaruka. Dada akatoa hela yote, hata ya kodi ya chumba humohumo.

Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Aliyekuja na habari njema hakuna. Aliyekuja ni mwenye nyumba.

Siku dada alipofika kwangu hata hakulia. Aliniambia tu, "Mdogo wangu, nadhani mimi imani yangu ni ndogo." Jamani, hapo ndipo paliponiuma. Hela imekwenda, sawa, hela hutafutwa. Lakini mtu katoa kila alichonacho, halafu bado anajiona yeye ndiye mkosaji?

Mimi siyo mchungaji wala sikusomea mambo hayo. Nina cheti changu cha kidato cha nne, basi. Lakini kusoma najua. Nikamwambia, dada, lete Biblia tusome sura nzima, tusianzie mstari wa 38.

Tukaanza pale Yesu anapofika mahali tambarare, mstari wa 17. Umati umemzunguka, wagonjwa kibao. Anapofungua mdomo, wa kwanza kupewa heri ni maskini, na matajiri wanapewa ole. Anaendelea: wapendeni adui zenu, watendeeni mema wanaowachukia. Halafu tukafika mstari wa 35, dada akanishika mkono. Pale Yesu anasema watu wakopeshe bila kutazamia kurudishiwa kitu!

Mnanipata? Mistari mitatu tu kabla ya ule wa uwanjani, mwenye maneno anasema toa usingoje malipo. Halafu mtu anaruka hiyo mitatu, anadaka wa 38, anaugeuza kuwa mkopo wa riba!

Sikatai, mstari wa 38 unasema mtoaji atapewa, tena kwa kipimo cha kujaa mpaka kumwagika. Ni lugha ya sokoni, ya muuza nafaka asiye na choyo, anayeshindilia na kutikisa kipimo ili ziingie nyingi zaidi. Sisi tunaojua lumbesa tunaelewa haraka. Ila angalia mstari wa 37 unaoushika mkono: msihukumu, msilaumu, sameheni. Habari yote pale ni moyo wa huruma. Kipimo unachompimia mwenzio, nawe utapimiwa hichohicho. Laki kuzaa milioni kabla ya mwisho wa mwezi, hiyo haimo. Halafu ukivuka kidogo, mstari wa 39, unakuta mfano wa kipofu kumwongoza kipofu mwenzake, wote shimoni. Dada alicheka mpaka machozi yale aliyoyabana siku zote yakatoka.

Nawaambia vijana wenzangu, tatizo ni kusoma Biblia kama tiketi za bahati nasibu, unachomoa namba. Zile namba Luka hakuziandika. Sura tunazozitumia hugawanywa kwa mpango wa Stephen Langton, Mwingereza wa karne ya 13. Namba za mistari ya Agano Jipya aliziweka mchapaji wa Kifaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Ni msaada wa kutafutia mahali, kama namba za nyumba mtaani. Nani anaingia mtaa, anasoma namba moja ya mlango, halafu anadai anawajua wakazi wote?

Au chukua barua ya mchumba wako: "Nilikupenda sana, mpaka nilipogundua una mke." Kata nusu ya mwisho, ibaki ya mwanzo. Utazunguka mtaa mzima ukitamba unapendwa, kumbe umeshaachwa!

Msije mkadhani nawacheka wengine. Mimi mwenyewe usiku wa kuamkia mtihani wa hesabu wa kidato cha nne niliandika Wafilipi 4:13 kwenye rula, kwamba nayaweza yote kwa yeye anitiaye nguvu. Nikalala zangu. Hesabu nilipata F ya kung'aa. Miaka baadaye nasoma mistari miwili ya juu yake, kumbe Paulo aliandika akiwa kifungoni, anaeleza alivyojifunza kuridhika akiwa ameshiba na akiwa na njaa. Mtu anafundisha kuvumilia, mimi nimemgeuza kibomu cha mtihani!

Kwa hiyo ukisikia mstari mtamu, panda juu yake, shuka chini yake. Uliza nani anasema, anamwambia nani, kwa nini. Kama mhubiri ni mkweli, hatakasirika ukisoma sura nzima. Kutoa sadaka ni jambo jema, wala si kila anayeshika maiki ni mwizi. Ila kodi ya chumba mwachie mwenye nyumba.

Mnauliza dada kaishiaje? Hela haikurudi. Mwenye nyumba kampa wiki mbili, na mimi nikatoa laki na ishirini niliyokuwa naiwekea viatu na suruali, nikamkopesha. Nilijisikia mtakatifu kwelikweli. Sasa ni wiki ya tatu, na kila nikipita Manzese ulimi unaniwasha nimuulize, "Vipi dada, ule mzigo?" Kisha nakumbuka mstari wa 35, nanunua kashata, napita zangu. Kumbe kuusoma katika sura yake ni rahisi. Kuuishi ndiyo kazi, ndugu zangu.

Tukijaliwa uhai, tuonane wiki ijayo. Kwaherini!