Askari wa Kalvari Walikuwa Watu wa Wapi?



Wapendwa waamini, Kwaresima hii vijana wa VIWAWA wa parokia yetu walitengeneza sanamu ndogo za Njia ya Msalaba, zenye kimo kisichozidi kidole. Walinunua sokoni askari wa plastiki wa kuchezea watoto, wakawakata bunduki kwa wembe uliopashwa moto, na mahali pake wakaweka vijiti vya kuchokolea meno viwe mikuki. Ngao zilitokana na mikebe. Kalvari ilijengwa kwa mawe madogo, ambayo Mwanza hayakosekani.

Walipomaliza, kila askari alikuwa na kofia ya rangi ya dhahabu, deraya ya mabamba yanayometa, ngao ndefu ya pembe nne iliyopinda, na uso wa rangi ya waridi. Ndivyo tunavyowaona katika filamu za Juma Kuu. Mwalimu mmoja wa historia akasema kwamba wamekosewa. Nami, nikiwa na haraka ya kwenda kuadhimisha Misa kigangoni, nikamjibu kwamba hizo ni rangi tu. Leo nalifuta jibu hilo hadharani.

Jioni ile mzee mmoja wa jumuiya zetu alizitazama sanamu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Padre, hawa askari walikuwa watu wa wapi?"

"Warumi, mzee wangu. Walitoka Roma."

Akatikisa kichwa. "Babu yangu alikuwa askari wa Mdachi. Nyumba kwa nyumba watu walisema, 'Wadachi wamekuja.' Kumbe aliyebisha mlangoni ni babu."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye vitabu, nami nikakuta kwamba mzee alikuwa karibu na ukweli kuliko padre wake. Katika siku za Ponsio Pilato, aliyetawala Uyahudi tangu mwaka 26 hadi 36, majeshi makuu ya Roma yaliyoitwa lejioni yalikaa Siria. Pilato alikuwa na vikosi vya wasaidizi. Mwanahistoria Myahudi Flavius Josephus, akieleza hali ya mwaka 44, anataja vikosi vitano vya miguu na kimoja cha farasi, vya watu wa Kaisaria na Sebaste, yaani mji wa Samaria. Waliandikishwa nchini humohumo, wakalipwa mshahara na Roma. Basi, kwa kadiri tunavyoweza kujua, wengi wa waliomsulibisha Bwana hawakuvuka bahari. Walikuwa majirani.

Hapo ndipo rangi inapokuwa na uzito. Deraya ya mabamba na ngao ile iliyopinda huhusishwa zaidi na lejioni. Wasaidizi walivaa kwa kawaida deraya ya pete ndogo za chuma na kubeba ngao bapa ya duaradufu. Vijana wakaanza upya. Vipande vya chandarua chakavu, vilivyogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi ya kijivu, vikawa deraya. Ngao zikakatwa upya. Kwa nyuso, tulichanganya rangi moja ya kahawia katika kopo moja, tukaitumia kwa Yesu, kwa umati na kwa askari. Na kwa kuwa Mathayo asema askari walimvika Yesu joho jekundu, vazi la namna ya askari wenyewe, joho lake lilipakwa kwa rangi ileile ya majoho yao.

Wako watakaosema kwamba imani haitegemei umbo la ngao. Ni kweli. Tena yapo mambo ambayo hata wataalamu hawakubaliani, kama vile rangi ya kanzu za askari wale. Katika hayo tusiwakemee vijana wetu. Lakini kosa la nyuso za rangi ya waridi halikuwa dogo. Lilitupa mahali pa kujificha. Kwa karne nyingi Wakristo waliwatupia Wayahudi wote lawama ya kifo cha Bwana, hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ukakataa mzigo huo kutwikwa Wayahudi wote wa wakati ule au wa leo. Je, tumeuondoa mzigo kwao ili tuutwike wageni wenye kofia za dhahabu, ambao hatutakutana nao kamwe?

Historia yetu inatukatalia. Hermann von Wissmann alianza mwaka 1889 na askari wengi kutoka Sudani; baadaye Wadachi waliandikisha Wanyamwezi, Wasukuma na wengine wa nchi hii. Mwaka 1914 jeshi lao hapa lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 chini ya Wajerumani wapatao 260. Lugha yetu nayo inakumbuka: katika tafsiri ya Biblia ya Muungano, yule afisa aliyesimama chini ya msalaba huitwa akida, na akida ndilo jina la yule aliyewasimamia watu na kuwatoza kodi kwa niaba ya Mdachi.

Simhukumu babu wa mzee wetu. Sijui alichagua nini, wala alilazimishwa nini. Nasema tu kwamba utawala wa mbali hubisha mlangoni kwa mkono wa karibu. Anayebeba amri isiyo ya haki leo, awe na sare, muhuri wa ofisi au daftari la ushuru mwaloni, mara nyingi ni mtoto wa jumuiya yetu, na pengine ni mimi au wewe. Amchore basi askari kwa uso wake mwenyewe, kisha aulize dhamiri yake.

Ijumaa iliyofuata mzee alirudi. Alimchagua askari aliyeshika sifongo ya siki, kinywaji cha kawaida cha askari wa zamani zile. Akasema, "Huyu angalau alimpa cha kunywa." Sikumwambia kwamba Luka anasema walimpa huku wakimdhihaki. Mambo hayo mawili yaweza kukaa katika mkono mmoja, nami nadhani mzee alilijua hilo kabla yangu.

Nawatakieni Dominika njema.