PASIPOTI ULIYOILETA MADHABAHUNI



Neno la leo halitamfurahisha kila mtu, na wengine mtaniondoa kwenye simu zenu kabla ya saa sita. Sawa tu. Soma kwanza, kisha uniondoe.

Tangu mwaka huu uanze naletewa pasipoti. Ibada ikiisha, mtu ananifuata pale karibu na spika, anatoa bahasha ya kaki, ananiambia, "Pasta, iwekee mkono, naenda Ujerumani." Nauliza: unaomba viza ya aina gani? Hajui. Ada ni pesa ngapi? "Ajenti ndiye anajua." Ubalozi umesema ulete karatasi gani? Kimya. Lakini pesa zimeshatumwa kwa M-Pesa, kwa mtu ambaye hajawahi kumwona uso, na risiti aliyonayo ni ile meseji tu.

Mpendwa, pasipoti hiyo sitaiwekea mkono leo. Keti kwanza tusome.

Unamkumbuka Nehemia? Yule alifunga na kuomba, tena kwa machozi. Hakuna mtu wa kumwambia kwamba hakuwa na imani. Lakini mfalme alipomwuliza anataka nini, Nehemia hakusema "nitaona mbele ya safari." Alitaja muda atakaokaa. Aliomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wamruhusu kupita. Akaomba barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, kwa ajili ya mbao. Alijua ofisi, alijua afisa, alijua jina lake. Nani alimwambia hayo yote pale Shushani? Aliuliza! Alitafuta! Yule mtu wa maombi alikuwa na orodha ya karatasi kichwani kabla mfalme hajafungua kinywa.

Na wewe unaenda ng'ambo ya bahari, orodha yako iko kwa nani? Iko kwa broka.

Hasira yangu leo iko hapa. Hiyo orodha unayouziwa haikufichwa. Serikali ya Ujerumani imeiandika, imeiweka kwenye intaneti, na kuisoma ni bure. Andika kwenye simu yako nairobi.diplo.de. Huo ndio ukurasa wa ubalozi wao hapa Nairobi. Humo utapata aina za viza, karatasi zinazotakiwa kwa kila aina, ada, na mahali pa kupeleka maombi. Fomu yenyewe unaijaza kwa mfumo wao unaoitwa VIDEX, nayo hailipiwi. Umelipa maelfu ya shilingi ili mtu afungue ukurasa huo kwa niaba yako, akuandikie kwa WhatsApp nusu ya kilichomo, na nusu nyingine akuzushie.

Chukua mfano wa mama anayetaka kwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Ninao kama hao kanisani, na ni safari ya heshima. Kama atakaa siku zisizozidi 90, anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi hata akinyimwa viza. Anaweza kuwasilisha maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na asichelewe kupita siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini wanaweza kufika 45. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Pasipoti iwe hai miezi 3 zaidi baada ya siku ya kuondoka kule, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na iwe na kurasa 2 tupu.

Nimemaliza. Hayo ndiyo "mambo ya ndani" ambayo ajenti anasema hawezi kukuambia mpaka umtumie kitu kidogo.

Sasa nisikilize kwa makini. Pesa zikipotea zinauma, ila kuna kitu kinachouma kuliko pesa.

Kuna mama ninayemjua, sitasema ni wa kanisa gani. Ajenti wake aliona akaunti yake ya Sacco ni nyembamba, akamtengenezea karatasi ya benki yenye shilingi nusu milioni. Mama hakuiona. Aliweka sahihi pale alipoonyeshwa, kwa sababu aliambiwa ni utaratibu. Ubalozi uliigundua karatasi, viza ikakataliwa. Na kukataliwa hakubaki Nairobi, mpendwa. Nchi za Schengen zina mfumo mmoja wa kompyuta unaoitwa VIS, na taarifa za maombi zinaweza kukaa humo hadi miaka 5. Mama yule akijaribu kesho kwa ubalozi wa Uholanzi, au wa Italia, wanafungua kompyuta na jina lake liko pale. Ajenti naye amebadilisha laini ya simu.

Na unajua kinachonikosesha usingizi? Mama yule hakuhitaji nusu milioni! Sheria ya Ujerumani inamruhusu binti anayeishi kule aende kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, aonyeshe mshahara wake, na atie sahihi tamko kwamba atabeba gharama za mgeni wake. Wao wanaliita Verpflichtungserklärung. Neno ni refu kama treni, lakini ada yake ni euro 29. Limeandikwa kwenye kurasa za ubalozi. Simu moja kwa binti, karatasi moja ya kweli, na jina la mama lingebaki safi.

Utaniambia, "Lakini Pasta, hata hiyo intaneti imejaa wakora." Ni kweli kabisa. Ndiyo maana nakufundisha kupambanua, si kubonyeza kila kitu kinachong'aa.

Usidanganywe na bendera. Tai wa Ujerumani anaweza kuwekwa na kijana yeyote aliye na laptopu hapo mjini. Angalia anwani yenyewe. Kurasa za balozi za Ujerumani huishia na diplo.de kabla ya mkwaju wa kwanza. Ukiona neno "germany" na neno "visa" yameunganishwa kwa vistari vingi na mwisho wake ni kitu kingine, hiyo ni biashara ya mtu. Haina maana lazima awe mwizi, lakini si ubalozi. Na yale majibu ya kwanza unayoletewa ukitafuta, yenye alama ya tangazo, yamelipiwa ili yakae juu. Shuka chini kidogo. Hata kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya ubalozi, kama ipo, jina lake lichukue kutoka kwenye ukurasa wa ubalozi, usilichukue kutoka kwenye tangazo.

Kisha angalia tarehe. Hapa hata watu waaminifu wanapotea. Kuna video nyingi za Wakenya wenzetu walioko kule, wanaeleza vizuri, wana nia njema, lakini video ni ya 2022. Atakuambia ada ni euro 80. Ilikuwa 80 kweli, ikapanda Juni 2024. Atakuambia ukikataliwa uandikie ubalozi barua waiangalie upya. Njia hiyo Ujerumani iliifuta tarehe 1 Julai 2025. Sasa ukikataliwa, ama unaomba upya au unaenda mahakamani Berlin. Mtu anakaa miezi akingoja jibu la barua ambayo haina wa kuijibu, kwa sababu ya video ya zamani! Sikiliza ushuhuda wa mwenzako kuhusu baridi, chakula na upweke. Kuhusu sheria, rudi kwenye ukurasa wa ubalozi.

Kuna wengine wanawauzia watu "ETIAS". Usilipe. ETIAS imepangwa kwa raia wa nchi ambazo hazihitaji viza kuingia Schengen. Mkenya anahitaji viza. Anayekuuzia ETIAS anakuuzia mwavuli wa jirani.

Na wale wa 250,000! Septemba 2024 Kenya ilitia sahihi mkataba na Ujerumani kule Berlin, na kabla ya jua kutua kila kikundi cha WhatsApp kilikuwa na habari ya nafasi za kazi robo milioni. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikasema hadharani kwamba si kweli, mkataba hauna idadi yoyote. Kukanusha kulikuwa wazi kwa kila mwenye bando. Lakini habari ya robo milioni ndiyo iliyohubiriwa, maana ndiyo iliyokuwa tamu. Kijana wa kazi, wewe nenda make-it-in-germany.com, ni tovuti ya serikali yao. Jina la ajenti wako litafute kwenye orodha ya NEA ya waliopewa leseni. Asipokuwemo, usimpe hata nauli ya matatu.

Sasa niwageukie watumishi wenzangu, na hapa najua nitapigiwa simu.

Ndugu mtumishi, "mbegu ya viza" ni nini? Nimeona bango. Nimeona bei. Mtu anapanda mbegu ya elfu tano pasipoti yake iguswe, ya elfu kumi itajwe jina kwenye mkesha. Wewe unayempokea hiyo elfu kumi, umewahi kumwuliza kama amesoma orodha? Umewahi kumwambia kwamba elfu kumi hiyo ingekaribia kulipia ada ya viza yenyewe? Akipata viza unasimama kwenye jukwaa na ushuhuda. Akinyimwa unamwambia imani yake ilipungua. Mtu aliyepungukiwa na karatasi ya bima umemrudisha nyumbani akijiona amepungukiwa na Mungu. Hiyo si huduma. Ni ajenti aliyevaa kola.

Simchukii kila anayesaidia watu kujaza fomu. Kuna dada ana duka la saiba, anakujazia, anakuchapishia, anakutoza pesa yake ya kazi, na skrini imekugeukia uone kila anachoandika. Huyo mlipe, tena umshukuru. Yule anayekataa usione skrini ndiye ninayempiga vita.

"Pasta, hizo kurasa ni za Kiingereza na Kijerumani, mama yangu hawezi." Mama hawezi, wewe je? Mtoto wa kidato cha nne aliyekaa hapo nyumbani anamaliza bando kwa vichekesho usiku mzima. Mpe dakika arobaini amsomee nyanya yake ukurasa mmoja kwa lugha ya nyumbani. Na neno likiwa gumu, simu hiyo hiyo ina programu ya kutafsiri. Halafu lithibitishe na mtu, maana programu nayo hukosea.

Sikuahidi kwamba ukisoma utapata viza. Balozi huwakatalia hata watu wakweli, na sababu inayouma kuliko zote ni ile ya kuambiwa kwamba hawakuridhika kuwa utarudi nyumbani. Unayo shamba, unayo ndoa, unayo kazi ya miaka ishirini, na bado unaambiwa hivyo. Inaudhi. Lakini aliyesoma anajua kwamba shamba hilo, ndoa hiyo na kazi hiyo vilitakiwa kuonekana kwenye karatasi. Ajenti hakukuuliza hata una watoto wangapi.

Wale ambao viza imeshatoka, ninyi ni wachache, nami nawapongeza. Endeleeni na mtindo huo huo. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza mfumo wa EES mpakani. Kuingia na kutoka kwako kunaandikwa kwa kompyuta, unapigwa picha, na hakuna malipo, kwa hiyo anayekuuzia "usajili wa EES" mwambie aende. Treni ziangalie bahn.de, ukinunua mapema mara nyingi ni nafuu. Ile tiketi ya mwezi ya euro 63 haipandi treni za mwendo kasi, usije ukashushwa. Hali ya hewa iko dwd.de. Na ujue Jumapili maduka mengi kule yamefungwa, nunua unga wa mtoto Jumamosi.

Jumapili hii ukija na pasipoti, njoo pia na orodha ya ubalozi imechapishwa, na upigie mstari kila usichokielewa. Vijana wa media watakuwa nyuma ya kanisa baada ya ibada ya pili, wana laptopu mbili na intaneti ya kanisa. Hakuna ada wala mbegu. Tukimaliza kusoma, nitaiombea hiyo pasipoti kwa moyo wote.

Na wewe mama mwenye binti kule, usingoje Jumapili. Mpigie leo jioni, umwulize ofisi ya wageni ya mji wake inafunguliwa siku gani.